Kituo, kijito au mlango wa mto: darasa liende wapi kujifunza samoni?

Shule zinapofunguliwa Septemba katika jimbo la Washington, Marekani, walimu wa shule za msingi huanza kugombea tarehe za ziara ya samoni, samaki anayezaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Basi ni moja, siku ni moja, na mara nyingi fungu la ziara la mwaka mzima huishia hapo. Kwa shule za Seattle na miji inayoizunguka ghuba ya Puget Sound, pa kuchagua papo: kituo cha kutotolesha samaki, ngazi ya samaki ya Ballard (vidato vya maji ambavyo samaki hupanda kimoja kimoja), kijito ambamo samoni hutaga, au mlango wa mto, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Vipeperushi vyote vina picha ya samaki akiruka juu ya maji. Ukivisoma haraka unaweza kudhani kinachotofautiana ni umbali tu.

Sivyo. Sehemu mbili za kwanza humwonyesha mtoto samaki. Mbili za mwisho humwonyesha samaki anaishi wapi, na kwa nini anasalimika au anafia hapo. Mwalimu akijua anataka lipi kati ya hayo mawili, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha. Mimi, kama darasa lina nafasi moja tu, nalipeleka kijitoni mwezi wa Novemba, hata mvua inyeshe. Ila kuna madarasa ambayo kijito hakiyafai, nayo nitayataja.

Issaquah: samaki wa uhakika

Kituo cha Issaquah, mashariki mwa Seattle, kilijengwa mwaka 1936, wakati ukataji wa magogo na uchimbaji wa makaa ya mawe ulikuwa umeshakiharibu kijito kinachopita mjini hapo. Kinaendeshwa na idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, na wanaowatembeza wageni ni watu wa kujitolea. Chinuki, samoni mkubwa kuliko wote wa Pasifiki, huanza kufika Septemba. Koho, samoni wa aina nyingine, humfuata Oktoba na Novemba.

Sifa kuu ya mahali hapa ni kwamba msimu ukifika, samaki wapo. Kizuizi kilichojengwa kijitoni huwaelekeza kwenye ngazi, ngazi huwaingiza mabwawani, na watoto huwatazama kupitia kioo, macho kwa macho. Hakuna kunyatia ukingoni wala kuteleza kwenye matope. Mwalimu wa chekechea, au mwenye wanafunzi wanaotembea kwa shida, asihangaike kutafuta kwingine.

Ukiomba tarehe mapema unaweza kuangukia siku ya kukamua mayai. Hiyo haikuandaliwa kama onyesho la watoto; ni kazi ya kituo, na inafanyika mbele ya macho yao. Samaki jike hupigwa rungu kichwani, hupasuliwa tumbo, na mayai ya rangi ya chungwa humwagikia ndooni kwa maelfu. Dume hukamuliwa shahawa juu yake, maji huongezwa, mtu anakoroga. Mbegu za samoni zikishagusa maji hazidumu hata dakika, ndiyo maana hakuna anayezubaa. Baadhi ya watoto husogea mbele kuchungulia, wengine hurudi nyuma ya mwalimu. Wazazi waambiwe kabla, la sivyo jioni hiyo simu ya mwalimu haitapumzika.

Kasoro ya kituo ni kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Mabwawa ni ya zege. Hakuna gogo lililoangukia majini, hakuna mti wa kutia kivuli, hakuna mdudu wa kuwindwa. Chakula hurushwa na mfanyakazi. Mtoto asiyeona kingine atarudi nyumbani akiamini kwamba samoni hutengenezwa na serikali.

Dawa ya hilo ipo pale pale, nayo ni pezi. Nyuma ya pezi kubwa la mgongoni, karibu na mkia, samoni ana kipezi kidogo, laini, kisicho na miiba. Vifaranga wengi wa vituoni hukatwa kipezi hicho kabla ya kuachiwa, ili wavuvi na wataalamu wawatambue wakirudi. Wape watoto kazi ya kuhesabu kwenye kioo: wangapi wanacho, wangapi hawana? Kama wengi wamezaliwa ndooni, huko mtoni kumetokea nini? Chinuki wa Puget Sound waliingizwa mwaka 1999 kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio katika tishio la kutoweka, na wanafunzi wa darasa la sita kwenda juu wanaweza kubishana saa nzima kama kituo ni tiba au ni dawa ya kutuliza maumivu tu.

Ballard: nusu siku inatosha

Ngazi ya Ballard iko kwenye malango ya mfereji unaounganisha Ziwa Washington na bahari, yaliyofunguliwa mwaka 1917. Ina vidato 21 na chumba chenye vioo vya kutazamia. Kiingilio hakuna. Sokai, nao ni aina ya samoni, hupita kwa wingi Julai, wakati watoto wako likizo. Septemba bado unawakuta chinuki na koho. Samoni wote wanaorudi Issaquah kutoka baharini hupitia hapa kwanza, kwa hiyo darasa linaloweza kwenda Ballard asubuhi na Issaquah mchana litaifuata safari yao kwenye ramani.

Kinachoipa Ballard uzito ni binadamu, samaki baadaye. Mfereji ulipofunguliwa, ziwa lilishuka karibu mita 3, na Mto Black uliokuwa ukitoa maji yake ukakauka. Njia ya zamani ya samaki ilifungwa, ikabaki hii moja. Katika miaka ya 1980 simba bahari waligundua kwamba samaki wote wanapenya tundu moja, wakapiga kambi hapo na kuwala trauti waendao baharini mpaka idadi yao ikaporomoka. Watu walijaribu kelele na fataki. Miaka ya 1990 ikaletwa hata sanamu kubwa ya nyangumi muuaji ili kuwatisha, wasitishike. Watoto hucheka sana hapo. Kisha waulize: kosa ni la simba bahari au la aliyejenga tundu?

Baada ya swali hilo, kinachobaki Ballard ni kupokezana kioo.

Kijito wakati wa kutaga

Piper's Creek ni kijito kifupi ndani ya bustani ya Carkeek, kaskazini-magharibi mwa Seattle, na mtu mzima hukivuka kwa hatua chache. Samoni walitoweka humo kwa miongo kadhaa. Kuanzia miaka ya 1980 wakazi walishika kazi ya kukirekebisha na kurudisha vifaranga wa samoni wa aina ya chamu, ambao hutoka kwenye kituo cha kabila la Suquamish ng'ambo ya ghuba. Chamu hurudi Novemba, na mwisho wa wiki katika msimu huo watu wa kujitolea husimama kando ya njia kujibu maswali ya wageni.

Chamu anawafaa watoto. Ni mkubwa, ana michirizi ya zambarau na kijani ubavuni, dume wake ametokeza meno, na huogelea kwenye maji ambayo wakati mwingine hayafuniki hata mgongo. Waambie wanafunzi wasimame kimya dakika tano. Watamwona jike akilala ubavu na kupiga mkia chini mara nne, mara tano. Changarawe inapaa, mkondo unasomba mchanga, mawe mazito yanabaki. Anachimba. Nyuma yake madume wawili wanasukumana, mmoja anang'atwa mkia. Jike akishataga husogea mbele kidogo, kuelekea maji yanakotoka, akachimba tena, na changarawe ya shimo jipya ndiyo inayofukia mayai ya shimo la kwanza. Hakuna kioo kitakachokuonyesha hilo.

Kuanzia hapo kila somo la ikolojia lina pa kushikia. Kwa nini changarawe, tope haliwezi kufaa? Mayai hukaa chini humo msimu mzima wa baridi yakipata oksijeni kutoka kwenye maji yanayopita katikati ya mawe. Udongo ukiziba nafasi hizo, yanakosa hewa na kufa. Beba chupa mbili za plastiki zilizotobolewa chini, moja ya changarawe safi, nyingine iliyochanganywa na udongo, mimina maji kwenye zote mbili na watoto wahesabu sekunde. Kwa nini miti? Kivuli hutunza ubaridi wa maji, majani hulisha wadudu, gogo likianguka hutengeneza kidimbwi ambamo kifaranga anajificha. Na joto lenyewe ni hesabu tosha ya darasa la nne: mayai ya samoni kwenye maji ya nyuzi 10 za Selsiasi huanguliwa kwa takriban siku 50, na maji yakiwa nyuzi 5 muda huo unakaribia kuwa maradufu. Mpe kila mmoja zamu ya kushika kipimajoto, kisha wakadirie tarehe ya kuanguliwa.

Halafu kuna mizoga. Chamu, koho, chinuki na sokai wakishataga hufa wote, na kufikia mwisho wa Novemba kijito kinanuka. Watoto hubana pua. Usiwaharakishe kuondoka, maana hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Mzoga umebeba naitrojeni ya baharini, na watafiti wameifuatilia mpaka ndani ya miti iliyo kando ya mito ambako dubu huburuta samaki wao msituni. Hapa mjini kazi ya dubu hufanywa na kunguru na rakuni, na wadudu humalizia. Masika wadudu hao hao ni chakula cha vifaranga. Chamu jike hubeba mayai yapatayo 3,000. Ili idadi ya samaki isipungue, inatosha mawili tu kati ya hayo yarudi yakiwa samaki wazima. Uliza darasa: 2,998 yamekwenda wapi? Waache wajibu wenyewe, kila jibu liandikwe. Ukiyaunganisha majibu yao umepata mfumo mzima wa ikolojia bila kuchora ubaoni.

Kwa wanafunzi wa sekondari kuna kisa kingine. Kwa miaka mingi watafiti waliona koho wakiingia Longfellow Creek, magharibi mwa jiji, wakazunguka juu ya maji mdomo wazi na kufa, matumbo bado yamejaa mayai. Jibu lilichapishwa Desemba 2020. Kemikali inayotiwa kwenye matairi ili mpira usipasuke hukutana na ozoni ya hewani, hugeuka sumu inayoitwa 6PPD-kwinoni, kisha mvua huisomba kutoka barabarani hadi kijitoni. Koho hufa ndani ya saa chache. Chamu, kwenye maji hayo hayo ya barabarani, hapati madhara hayo. Samaki wawili wa ukoo mmoja, sumu moja, na basi lililowaleta wanafunzi limeegeshwa hapo juu na matairi yake sita.

Sasa kasoro zake. Samaki hawakupi miadi. Mvua ikichelewa, nao huchelewa kuingia. Ikizidi, maji huwa tope na hamtaona kitu. Darasa zima haliwezi kusimama ukingoni kwa pamoja bila kuubomoa, kwa hiyo unahitaji watu wazima wa kutosha kuligawa katika makundi ya kumi hivi, kundi moja likitazama samaki na jingine likichunguza wadudu au kupima maji mbali kidogo. Kuingia majini ni marufuku, maana unayoyakanyaga ni mayai. Mzazi anayekuja kusaidia asilete mbwa: mbwa akila samoni mbichi wa ukanda huu anaweza kuugua na kufa. Siku ya jua, mwenye miwani inayokata mng'ao wa maji awapokezane nayo watoto, kwa sababu bila hiyo wataona anga tu.

Kwa watoto wadogo sana, au shule isiyopata wasaidizi, kijito ni mzigo. Hao waende Issaquah.

Nisqually: somo bora, samaki hawaonekani

Hifadhi ya Billy Frank Jr. Nisqually iko kusini mwa ghuba, karibu na Olympia. Mwaka 2009 tuta lililokuwa limezuia bahari tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ili watu walime, liliondolewa, na zaidi ya hekta 300 zikarudishiwa maji chumvi. Siku hizi unatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, na kiti cha magurudumu kinapita bila taabu.

Kabla ya kupanga tarehe, tazama jedwali la maji. Ukifika yamejaa utaona ziwa. Ukifika yamekupwa utaona matope na vijito vidogo vilivyochanika huku na huko, na ndivyo vijito hivyo unavyovitaka. Vizuri zaidi ni kufika yakiwa yanaanza kujaa, watoto wachague kijiti kimoja na kukitazama kikizama. Vifaranga wa chinuki, warefu kama kidole, hukaa humo kwa majuma wakila wadudu na kunenepa huku matamvua na figo zao zikijizoeza chumvi. Hiyo ndiyo shule yao ya kati, kati ya mto na bahari. Aprili na Mei ndiyo miezi yao. Lakini kwa macho, kutoka juu ya mbao, hutawaona. Utaona tai wenye vichwa vyeupe, korongo, na matope mengi. Mtoto wa miaka saba aliyeahidiwa samoni atadai samoni wake.

Kwa wakubwa hali ni tofauti kabisa. Kwenye delta hii ndipo Mkataba wa Medicine Creek ulipotiwa saini Desemba 1854, mkataba ambao makabila yalitoa ardhi lakini yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Billy Frank Jr., mtu wa kabila la Nisqually aliyezaliwa 1931, alikamatwa zaidi ya mara 50 kwa kuvua samoni, mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1974 George Boldt, jaji wa mahakama ya serikali kuu, aliamua kwamba mkataba huo unayapa makabila haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Tangu 2015 sheria ya jimbo inazitaka shule za umma kufundisha historia ya makabila, kwa hiyo mwalimu anayeomba fedha za Nisqually ana masomo mawili ya kumwekea mwalimu mkuu mezani. Kwenye bonde hilo hilo upo pia mradi wa elimu wa Mto Nisqually, ambao wanafunzi wake hupima maji, hupanda miti na kutupa mizoga ya samoni kwenye vijito ili kurudisha virutubisho. Kurusha mzoga wa samaki kwa mikono yako ni jambo ambalo mtoto hahitaji kukumbushwa kuandika kwenye insha.

Tahadhari moja: kuanzia Oktoba hadi Januari kipande cha mwisho cha njia ya mbao hufungwa kwa ajili ya msimu wa kuwinda bata, na milio ya bunduki husikika. Darasa lenye watoto waliokimbia vita lisipelekwe miezi hiyo.

Kwa hiyo nani aende wapi

Chekechea hadi darasa la pili: Issaquah, Septemba au Oktoba. Darasa la tatu hadi la tano: kijitoni Novemba, na hapo sibabaiki. Kuanzia la sita, Nisqually masika, hasa kama walishaona samaki wakitaga walipokuwa wadogo. Ballard ni ya shule iliyo jirani au isiyo na fedha za basi refu.

Shule inayofuga mayai ya samoni kwenye tangi darasani na kuyaachia yakishakuwa vifaranga haina sababu ya kwenda kituoni kabisa. Mayai, vifaranga wenye kifuko cha kiini tumboni, yote hayo wameyaona mezani kwao kila asubuhi. Fedha zake zote ziende kijitoni.

Na kama zipo za safari mbili? Wengi wangechanganya, kituo mara moja na kijito mara moja. Mimi ningerudi kijito kile kile Aprili, hakuna samoni mkubwa hata mmoja. Watoto wapime maji pale pale, wageuze mawe yale yale kutafuta wadudu, kisha wayarudishe yalivyokuwa. Wakishazoea kumwona kijitoni samaki mkubwa tu, hawafikirii kwamba chini ya viatu vyao kulikuwa na uhai miezi yote hiyo.

Walio ng'ambo ya mpaka, jimbo la British Columbia nchini Kanada, wana uchaguzi wao. Goldstream, karibu na Victoria, ni kijito cha chamu kama Carkeek lakini msituni zaidi, na tai hufuata mizoga Desemba. Adams River ni jambo jingine: sokai wake huja kwa wingi mkubwa kila mwaka wa nne, 2014, 2018, 2022, na zamu inayofuata ni 2026. Mwaka huo, mwenye uwezo wa kulaza darasa njiani asiulize tena linganisho lolote.

Tarehe za vituo huisha mapema, kwa hiyo maombi yaandikwe kabla ya likizo ndefu. Kwa kijito, uliza mambo matatu unapopiga simu: samaki wameingia au bado, maji yana rangi gani, na kuna paa la kujikinga watoto wakila. Rangi ikiwa ya chai ya maziwa, sogeza tarehe wiki moja kama mwenye basi anakubali. Na mwalimu abebe pea kadhaa za viatu vya mpira vya akiba, saizi ndogo, kwa sababu hakukosekani mtoto wa kuja na raba nyeupe.